Kufuli Juu ya Bustani ya Tafida

Jumatano, 16 Novemba

Kwa jina la Yule anayejua tunayoyatamka na tunayoyameza, nafungua daftari hili.

Dhoruba ya Ufagio imefika kwa tarehe yake, kama mabaharia wa Iskandaria walivyozihesabu na kuzipa majina dhoruba zote za msimu tangu enzi za babu zao. Upepo umefagia mitaa tangu alfajiri, nami nimerudi kutoka msikitini joho likiwa zito kwa maji.

Ni miezi minane tangu tulipomzika mke wangu, Hajja Tafida. Kwa miaka thelathini na sita nilisomesha elimu ya mirathi katika chuo cha dini. Nimegawa nyumba, mashamba na vikuku, na mara moja punda mmoja baina ya warithi tisa. Aliyoyaacha Tafida niliyagawa kwa siku moja, nikaridhika kwamba kila mwenye haki amepata haki yake. Kimoja tu sikukigawa, kwa kuwa sikujua ni kitu gani.

Chini ya televisheni kuna mashine ya michezo. Aliinunua mwanetu Nagi miezi michache kabla ya kuhamia Montreal, ili mama yake asimkose. Ndani yake mna mchezo wa bustani. Mtu hupewa ardhi tupu, akang'oa mawe, akachimba kisima, akapanda. Kila Ijumaa baada ya Alasiri Nagi aliingia bustanini akiwa kule, mama yake akiwa sebuleni petu, na kwa saa nzima walipanda milimau na kusengenya jamaa. Mimi nilikuwa chumba cha pili na vitabu vyangu. Niliuita mchezo ule upuuzi, na niliuita hivyo kwa sauti ya kusikika. Sikukaa nao hata Ijumaa moja.

Wiki ya tano baada ya mazishi niliiwasha mashine ili nihakikishe ni nzima, nimpe mtu. Nikaikuta bustani yake: milimau thelathini na mitatu, mitini minane, majani yote yamejikunja. Ardhi ile inakwenda kwa saa ya dunia yetu. Mti usiponyweshwa siku arobaini hukauka, na ukikauka haurudi. Nilitumia jioni nzima kutafuta kitufe cha maji. Tangu siku hiyo mimi huingia kila siku baada ya Alasiri, nikamwagilia safu kwa safu. Hakuna ajuaye.

Ijumaa, 18 Novemba

Nagi alipiga simu kama ada yake, kabla ya kwenda kazini kwake.

"Baba, umekula?"

"Nimekula."

"Umekula nini?"

"Chakula."

"Baba!"

"Dengu. Na dawa nimemeza. Na mlango nimefunga. Kuna jingine?"

Akacheka, akanisalimia kwa niaba ya mkewe, akakata. Dakika nne. Kwa mama yake hakuwahi kutumia chini ya saa.

Jumatano, 23 Novemba

Masalia ya Ufagio. Mvua. Nimemwagilia.

Jumapili, 4 Desemba

Dhoruba ya Qasim. Umeme ulikatika kuanzia adhuhuri hadi magharibi, nikakosa kuingia bustanini. Nilihisi kama mtu aliyeacha mnyama nje.

Jirani yangu wa chini, Hagi Mitwalli, aliyeendesha tramu miaka arobaini, alipanda na birika la chai ili tukae pamoja gizani. Aliona rimoti ya mchezo juu ya mto wangu. Akaitazama, akanitazama, akasema, "Sheikh Sibai, hicho ni cha kuhesabia tasbihi?" Nikamwambia ni cha marehemu. Akanimiminia chai. Kwa hiyo sikusema uongo, ila niliutumia ukweli kumziba mdomo.

Ijumaa, 9 Desemba

Naandika neno hili kwa aibu.

Nagi aliniambia leo kwamba Lilia, mkewe aliyefunga naye ndoa kiangazi, amechoka na baridi ya kule na anataka kitu cha kumshughulisha nyumbani. Lilia ni binti wa Kialgeria aliyezaliwa hukohuko; sijaonana naye ila katika kioo cha simu. Kisha mwanangu akauliza, kama mtu anayeuliza hali ya hewa:

"Baba, ile mashine ya mama bado ipo?"

"Ipo."

"Huwa inawashwa?"

Nilipaswa kusema ndiyo. Neno moja tu. Lakini niliona ndevu zangu katika kioo cha kabati, nikawakumbuka wanafunzi wangu waliofika ukadhi, nikasema, "Nimeifunika kitambaa tangu siku ile. Mimi na michezo wapi na wapi?"

"Sawa, Baba. Nilijua. Nilikuwa nauliza tu."

Nimefundisha watu kwamba uongo mdogo hauna kipimo chake peke yake, ni uongo tu. Leo nimeusema nikiwa nimetoka kuswali, na kitambaa chenyewe kimekunjwa kabatini.

Jumatatu, 19 Desemba

Dhoruba ya Mafuriko Madogo. Bawasiri inanisumbua. Mitini yote minane imezaa.

Jumatatu, 2 Januari

Mvua kubwa. Hakuna aliyebisha hodi tangu Alhamisi.

Ijumaa, 13 Januari

Dhoruba ya Mafuriko Makubwa iliingia jana na leo haijatulia. Maji yamefika ngazi ya kwanza ya jengo letu.

Nagi alipiga, tukazungumza, akakata. Nikawasha mashine ili niingie bustanini. Picha ya mchezo ilikuwa mahali pake, lakini juu yake palikuwa na kufuli dogo. Nilibonyeza. Likatokea andiko kwamba mtumiaji huyu hana idhini ya kuufungua. Nikazima, nikawasha. Nikachomoa waya ukutani, nikahesabu mpaka mia, nikachomeka. Kufuli lilikuwapo. Nikasoma dua ambayo mtu huisoma mbele ya mlango mgumu, kisha nikajionea haya kwa kuisoma pale, kisha nikaisoma tena.

Nje mji mzima unazama, na ndani ya sanduku lile hakuna tone litakaloufikia mti hata mmoja. Nilimwagilia mara ya mwisho jana. Nimehesabu: siku ya arobaini ni tarehe ishirini na moja Februari.

Jumapili, 15 Januari

Nimekwenda soko la Attarin, kwenye vitu vilivyokwisha kutumika. Niliambiwa kuna mwanamke anayejua mambo haya, Madamu Safinaz, mjane aliyeendeleza duka la mumewe. Duka lake ni kuta nne za diski za michezo. Watu huja na mchezo waliokwisha kuumaliza, wakabadilishana na wengine, wakabishana juu ya mikwaruzo kama wanavyobishana juu ya meno ya farasi.

"Maulana, umepotea? Misahafu iko kona ya pili."

"Nakutafuta wewe."

"Ya Rabi, nimefanya nini?"

Nilimweleza. Nilisema "jamaa yangu mmoja" mpaka akanikatiza.

"Huyo jamaa yako ana ndevu nyeupe? Kaa, Maulana. Mchezo ulinunuliwa kwa jina la nani?"

"La mwanangu."

"Diski au mtandaoni?"

"Diski sijaiona."

"Basi haukuwa wa marehemu. Hata wa mwanao mwenyewe si sana. Ukinunua mtandaoni unapewa ruhusa. Ruhusa hiyo mwenye akaunti anaiweka kwenye mashine moja, watu wa nyumba ile wanacheza hata yeye akiwa hayupo. Alikuwa kaiweka kwako. Sasa kaihamisha."

"Kaihamishia wapi?"

"Kwake, wapi tena? Kaoa?"

"Kiangazi."

"Mabruki," akasema, na kwa mara ya kwanza hakutania. "Ndiyo hivyo."

Nilimuuliza kama naweza kununua ruhusa yangu mwenyewe. Akatikisa kichwa. Kampuni imeuondoa mchezo ule dukani kwao mwaka jana. Walionao wanao, wasionao hawaupati. Zimebaki diski chache zilizotolewa mwanzoni.

"Mimi nawaambia wateja kila siku," alisema, akigonga ukuta wa diski kwa kucha. "Hii ikikwaruzika, umeikwaruza wewe. Ikipotea, umeipoteza wewe. Ukigombana na mtu unaichukua unaondoka nayo. Ile nyingine haina vumbi, haina foleni, unaipata umelala. Lakini mlango si wako."

Niliposikia hivyo, nilisikia masomo yangu. Kuna kumiliki kitu chenyewe, na kuna kuazimwa manufaa yake. Mwenye kuazimwa hana cha kurithisha. Tafida alipanda miti arobaini na mmoja katika ardhi ya kuazima, na sheria niliyoisomesha iko wazi: sina dai. Nimerudi kwa miguu, maji yakifika kwenye vifundo, na usahihi wa hukumu ile haukunisaidia kitu.

Alhamisi, 19 Januari

Dhoruba ya Ghitas, sikukuu ya Ubatizo. Majirani zetu Wakristo wamekwenda kanisani chini ya miavuli iliyopinduka. Siku ya saba bila maji.

Jumanne, 24 Januari

Madamu Safinaz amepiga simu. Diski imepatikana kwa mwalimu mmoja wa Damanhur. Hauzi, anabadilishana tu. Safinaz amempa mchezo wa mpira kutoka ukutani kwake, akaniambia nimlipe kwa kumsomea mumewe hitima. Nimekubali kwa moyo wote. Baada ya wiki mbili za huzuni, leo nimekula nikashiba.

Jumamosi, 28 Januari

Dhoruba ya Karam. Nilifika dukani kabla hajafungua. Diski ina mkwaruzo mmoja ukingoni, umbo la mwezi mwandamo. Niliibeba ndani ya joho, juu ya kifua.

Mashine iliipokea. Kufuli halikuonekana. Muziki ule ule ukalia, nikakaa vizuri, nikasema bismillahi. Ikanikaribisha kama mgeni na kunionyesha ardhi tupu yenye mawe.

Hakuna mlimau. Hakuna kisima. Nilizunguka ile ardhi pande zote nne.

Nilimpigia Safinaz. Aliniuliza, "Maulana, akaunti ya mwanao ni ya nchi gani?"

Sikujua. Akanielekeza pa kutazama. Nikasoma: Amerika.

"Lakini wakati anaifungua alikuwa hapa," nikamwambia. "Alikuwa amekaa kwenye kiti changu!"

Alishusha pumzi. Zamani, akasema, duka la mtandaoni halikuwahudumia watu wa nchi yetu, kwa hiyo vijana wote walijiandikisha kwa anuani za uongo za ng'ambo. Mchezo ulionunuliwa kule na diski iliyotengenezwa kwa ajili ya huku ni kama vitabu viwili vyenye jalada moja. Kumbukumbu za huu, ule hauzisomi.

"Kosa ni langu. Wateja wote nawauliza hilo swali la kwanza. Wewe sikukuuliza. Nikasema, huyu ni mtoto wa sheikh, hawezi kuandika anuani ya uongo."

Nilimwambia hana kosa. Mtoto wa sheikh aliandika uongo, na sheikh naye amesema wake.

Ijumaa, 3 Februari

Nagi amepiga. "Umekula?" Nimekula. Sikusema.

Jumanne, 7 Februari

Siku ya ishirini na sita.

Ijumaa, 10 Februari

Nagi amepiga. Alikuwa na haraka. Lilia alipita nyuma yake akiwa na rimoti mkononi, akanipungia. Sikusema.

Hagi Mitwalli alikuwa kwangu, akasikia yote, na mara simu ilipokatika akanitazama mpaka nikamweleza kila kitu, kuanzia kitufe cha maji hadi diski. Nilidhani atacheka.

"Sasa si umwambie?"

"Sina haki, Mitwalli. Kitu ni chake, amekipeleka kwa mkewe. Nikidai nitakuwa nimedhulumu."

"Nani kakwambia udai? Mimi nimeendesha tramu miaka arobaini. Watu walikuwa wanapiga kengele wanashuka. Hakuna aliyeniletea hati kwamba kituo ni chake."

"Hili ni jambo la elimu."

"Hili ni jambo la mzee mwenye kiburi! Umezoea kugawia watu haki zao hadi umesahau kuna watu huwa wanaomba tu. Tafida alikuwa anakuita kila Ijumaa. Nilikuwa namsikia kupitia dari. 'Njoo uone, Sibai, mlimau umezaa!' Na wewe?"

Niliondoka nikaenda kutawadha, ingawa nilikuwa na udhu. Niliporudi alikuwa ameshashuka kwake.

Ijumaa, 17 Februari

Siku ya thelathini na sita. Tangu asubuhi palikuwa na utulivu wa hewa ambao huja kabla ya dhoruba ya Jua Dogo. Katika hotuba ya Ijumaa khatibu alizungumzia ukweli wa ulimi. Sikuinua macho.

Nagi alipiga baada ya Alasiri.

"Baba, umekula?"

"Nagi, nilikudanganya."

Akauliza kwa woga, "Hujala?"

"Nilikwambia mashine nimeifunika. Sikuifunika. Nimeingia katika bustani ya mama yako kila siku tangu wiki ya tano. Nilikuwa naimwagilia. Kwa siku thelathini na sita imefungwa, na ikifika Jumanne itakufa."

Nikaogopa simu imekatika, nami sikuwa na nguvu ya kuyasema mara ya pili.

"Wewe, Baba? Wewe ulikuwa unacheza?"

"Mimi siuiti mchezo."

"Mwaka mzima? Na kila Ijumaa tunaongea dengu?"

"Sikiliza kwanza. Nimelitazama jambo hili kwa mizani ninayoijua. Ruhusa ni yako, umeipeleka kwa mkeo, na nyumba yako ina haki kuliko yangu. Mama yako hakumiliki kitu cha kuniachia. Sikuombi kwa haki, mwanangu. Nakuomba tu."

Nilisikia kiti kikiburutwa, kisha mlango. Aliporudi sauti yake haikuwa ya mtu wa miaka thelathini na nne.

"Mimi sijaingia tangu afariki. Nilishindwa. Nikasema hakuna mtu mle, yote yamekufa siku nyingi. Nilipohamisha nilifunga macho, Baba. Wallahi nilifunga macho nikabonyeza."

Tulikaa hivyo, yeye kule na mimi huku, kama watu wawili waliofika msibani kwa kuchelewa.

Kisha ikasikika sauti ya mwanamke, yenye Kiarabu cha Algeria na haraka ya Kifaransa ndani yake, ikiniita ami kwa lafudhi yake. "Amu, ni mimi Lilia. Anairudisha sasa hivi, nimesimama juu ya kichwa chake. Amu, kwa nini hukunigombeza? Mama yangu angekuwa ameshanipigia mara kumi!"

"Na miti yako, binti yangu?"

"Nimepanda saba tu. Na mmoja nimeukanyaga."

Kufuli liliondoka kabla ya magharibi. Miti mitatu ya safu ya mbali ilikuwa tayari imekufa; sijui kwa nini mitatu hiyo tu. Mingine yote ilikunja majani, ikangoja. Nilimwagilia mpaka adhana, nikaswali, nikarudi nikamalizia.

Ijumaa, 24 Februari

Leo waliingia wote wawili, kwa rimoti moja, wakipokezana. Nagi alipofika kisimani alisimama hapo muda mrefu bila kutembea. Lilia ndiye aliyeniuliza, "Amu, huu nani kaupanda? Na huu?" Sikujua jibu la mti hata mmoja. Nagi akaanza kueleza: huu siku ya mtihani wake wa mwisho, huu siku shangazi alipoachika, wakacheka hadi mama yake akaacha ndoo. Mimi nilisikiliza. Nilikuwa nyuma ya ukuta siku zote hizo, na nilikuwa nasikia vicheko, sikujua vya nini.

Mkono wangu mmoja ulikuwa juu ya kasha la diski.

Alhamisi, 2 Machi

Nimekwenda posta kuu na kifurushi. Karani, mwanamke wa makamo mwenye miwani shingoni, alikigeuza pande zote.

"Ndani mna nini, Maulana? Kitabu?"

"Mchezo wa video."

Akaninong'oneza, "Wa nani?"

"Zamani wangu. Sasa wa mke wa mwanangu."

"Halafu wewe utacheza nini?" akauliza kwa sauti.

Foleni nzima ikacheka, na mimi pia, ingawa kwa kuchelewa.

Nimemwandikia Lilia waraka mfupi. Nimemwambia diski hii itampa ardhi tupu. Miti yake saba hataikuta humo, ataanza na mawe. Ina mkwaruzo mmoja usiodhuru. Lakini nimeitamka hiba mbele ya shahidi, Hagi Mitwalli, na atakapoipokea kwa mkono wake itakuwa mali yake kamili. Hakuna kampuni wala mume atakayeweza kumfungia. Akitaka kuiazimisha, aazimishe. Akitaka kuibadilisha kwa mchezo wa mpira, sitauliza.

Maisha yangu yote nimewaambia watu washike kilicho mkononi na waogope kilichoazimwa. Leo nimekitoa kilicho mkononi, nimejibakizia cha kuazimwa, ambacho mwanangu anaweza kukichukua siku yoyote kwa kubonyeza kitufe. Nimeyachagua haya nikiwa na akili timamu.

Alhamisi, 9 Machi

Dhoruba ya Husum. Siku nane za upepo, wanasema. Nimemwagilia.

Ijumaa, 17 Machi

Ramadhani iko mlangoni. Kifurushi kimefika, Lilia ametuma picha ya diski mkononi na neno moja, "Nimepokea," kama nilivyomwagiza aseme.

Nagi ana kazi, hakuja leo. Nimengoja kisimani hadi giza lilipoingia katika bustani ile, kisha nikamwagilia safu zote peke yangu, na pale ilipokufa mitatu nikachimba mashimo matatu. Sitapanda kitu mle mpaka aje.